Tamko la 1789 halikumweka huru kila mtu

Wengi tulifundishwa kwamba Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yaliwapa watu wote haki. Sivyo. Tamko la Haki za Binadamu na Raia la Agosti mwaka huo lilisema watu huzaliwa huru na sawa, huku watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, wakiendelea kuchapwa viboko kwenye mashamba ya miwa. Waliolipa neno hilo uzito ni watumwa wenyewe. Waliasi mwaka 1791, na Paris ikaufuta utumwa mwaka 1794. Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Wakapigana tena, na mwaka 1804 Haiti ikawa huru. Wanawake wa Ufaransa, inauma kusema, walisubiri kupiga kura hadi 1945. Tamko lenyewe lingali na nguvu ya kikatiba, na raia hulitumia mahakamani kupinga sheria kandamizi.