"Mimi niko huru, sitaki kutumwa"

Jumapili iliyopita hapa Malindi, baada ya ibada, vijana walikuwa na zamu ya kwenda kumfulia nguo mama mmoja mgonjwa. Mmoja wao akakataa mbele ya watu: "Kristo ameniweka huru. Sitaki kutumwatumwa." Nimeshasikia maneno hayo mara nyingi, na kila nikiyasikia huniuma, kwa kuwa anayeyasema huwa hana nia mbaya. Neno lenyewe ndilo alilolishika vibaya.

Uhuru wa Mkristo, kwa ufupi, ni kwamba dhambi haimmiliki tena, wala hana haja ya kununua kibali cha Mungu kwa matendo ya sheria. Basi mikono yake ina nafasi kwa jirani. Maana ni hiyo.

Sasa neno. "Huru" tumelitoa katika Kiarabu, hurr: mtu asiyemilikiwa na mtu. Asili yake si kufanya upendavyo. Lilikuwa jibu la swali "wewe ni wa nani?", na Malindi swali hilo liliulizwa kweli. Mashamba ya mtama na ufuta ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na katika pwani yetu sheria iliendelea kuutambua utumwa mpaka 1907.

Ukilijua hilo, soma Wagalatia 5:1 katika Biblia ya Union: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Kongwa ni ule mti wa panda waliofungwa mateka shingoni. Kuandikwa huru ni lugha ya hati, karatasi aliyopewa mtumwa aliyeachwa na bwana wake. Na ungwana! Mwungwana wa Lamu au Malindi hakuwa tu mtu asiye mtumwa. Alikuwa na nasaba na adabu, mzigo hakubeba, na zaidi ya yote hakutumwa. Yeye ndiye aliyetuma. Watafsiri wakamvika kila mwamini neno hilo, mjukuu wa mtumwa sawa na mjukuu wa bwana. Mimi hulisoma polepole kila mara.

Kijana wetu, bila kujua, anadai ule uungwana wa mjini wa kutotumwa. Lakini katika aya ya 13 ya sura hiyo hiyo Paulo anasema: "Maana ninyi, ndugu, mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo." Kwa Kigiriki kitenzi alichokitumia hapo ni cha mtumwa kumtumikia bwana wake, chenye shina moja na ule utumwa aliotoka kuukataza. Na Kiswahili kimeongeza jambo ambalo Kigiriki hakina. Mtumwa, mtumishi na mtume, wote watatu wametoka katika kutuma. Ndiyo maana Warumi inaanza, "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Kwa Kigiriki maneno hayo mawili hayana shina moja. Kwetu ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo aliye huru na mtumwa hawatofautiani kwa kazi. Kufua ni kufua, na maji ya sabuni ni yale yale. Mtumwa alifua kwa kuogopa kiboko, na kazi ikiisha aliweza kuuzwa kesho yake. Aliyeandikwa huru anafua akijua hakuna awezaye kumuuza, wala hana deni analolilipa kwa ndoo zile. Tena tusiipite ile -an- ya kutendeana katika "tumikianeni". Haimwachi mtu nje. Sisi wazee tunaopanga zamu bila kuingia zamu tumelikosea neno hili kuliko yeye, na huenda kwetu ndiko alikojifunza kwamba mkubwa hatumwi.

Basi sikumkemea. Nilimwambia tu: mwanangu, kama umechoka au una shughuli, sema "leo sina nafasi," nasi tutakuelewa, tutamtafuta mwingine. Uhuru usiutaje hapo. Jumamosi mimi nitakwenda kwa mama yule na ndoo yangu, ukipata nafasi tufuatane.