Kiingereza cha Darasani: Maana Yake na Namna Kinavyotumika

Kiingereza cha darasani ni lugha ambayo mwalimu na wanafunzi huitumia ili kazi ya kipindi ifanyike: kusalimiana, kuita majina, kuagiza vitabu vifunguliwe, kugawa watoto katika makundi, kuuliza na kupokea majibu, kusifu, kusahihisha, kutuliza kelele na kuagana kengele inapolia. Kwa kawaida hakimo katika mada za kitabu wala hakitungiwi mtihani. Hata hivyo, kwa mtoto wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania, mara nyingi hicho ndicho Kiingereza pekee anachokisikia kikifanya kazi halisi, kwa kuwa masomo yake mengine hufundishwa kwa Kiswahili hadi anapoingia kidato cha kwanza, ambako karibu kila somo hugeuka kuwa la Kiingereza.

Tofauti yake na Kiingereza cha zoezi ni rahisi kuiona. Mwalimu akiandika ubaoni "The cat is under the table", hakuna paka wala meza inayohusika, na mwanafunzi anaweza kuinakili sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri bila kujua inasema nini. Akisema "Pass me the chalk, please", chaki lazima imfikie mkononi, na isipomfikia anajua papo hapo kwamba hakueleweka. Maana inathibitishwa na tendo. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alijenga juu ya jambo hilo mbinu nzima ya kufundisha lugha katika miaka ya 1960: mwanafunzi husikiliza amri na kuitii kwa mwili, akisimama, akitembea, akigusa mlango, muda mrefu kabla hajatakiwa kuzungumza. Mwalimu anayesema kila asubuhi "Open the windows" huku akinyoosha mkono kuelekea madirishani anafanya hivyo hivyo, hata kama hajawahi kulisikia jina la mbinu hiyo.

Katika kutoa maelekezo, kosa la kawaida ni urefu. Mwalimu mwenye Kiingereza kizuri huweza kusema kwa pumzi moja kwamba angependa kila mmoja atoe daftari, aandike tarehe, apige mstari chini yake, kisha aanze zoezi la pili akiruka swali la tatu. Watoto wanalishika neno la kwanza na la mwisho tu. Maelekezo hayo hayo yakikatwa vipande, "Take out your exercise books", akasubiri, "Write the date", akasubiri, "Underline it", akaonyesha ubaoni, yanafuatwa na darasa zima hata likiwa na watoto 80. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba kitenzi cha Kiswahili chenyewe hutaja idadi ya wanaoambiwa: "fungua" ni kwa mmoja, "fungueni" ni kwa wengi. Amri ya Kiingereza haina alama hiyo, na "you" ni ya mmoja na ya wote. Ndiyo maana ni vyema mwalimu aseme "Everyone, look at the board" anapowataka wote, na ataje jina anapomtaka mmoja, la sivyo watoto wawili wa mbele watainuka na wengine watabaki wakitazamana.

Uwanja mpana zaidi ni wa maswali. Mwaka 1975 watafiti wa Uingereza John Sinclair na Malcolm Coulthard walieleza mpangilio ambao kila aliyepita shuleni atautambua: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu analitolea jibu neno. Katika madarasa yetu hatua ya kwanza mara nyingi imemezwa na maswali mawili, "Do you understand?" na "Are we together?", hilo la pili likiwa ni "Tuko pamoja?" lililovishwa nguo za Kiingereza. Darasa huitikia "Yes, teacher!" kwa sauti moja, na sauti hiyo hutoka hata kinywani mwa mtoto aliyekuwa akitazama nje dirishani. Kuitikia pamoja kuna faida yake katika salamu na katika mazoezi ya matamshi, lakini hakumwambii mwalimu nani ameelewa. Swali linalomwambia ni lile ambalo jibu lake haliwezi kuwa "yes" peke yake: "How many sentences are you going to write?", "Are you working alone or in pairs?", "Which question do we leave out?". Mtoto akijibu "Five", "In pairs", "Number three", mwalimu anajua kuwa maelekezo yamefika.

Upo mtego mwingine ambao, kwa maoni yangu, unastahili kufundishwa waziwazi kwa sababu huzaa kutoelewana kusiko na kosa la mtu. Kwa Kiswahili, anayeulizwa "Hujamaliza?" hujibu "Ndiyo, sijamaliza", kwa kuwa "ndiyo" yake inakubaliana na kauli ya muulizaji. "Yes" ya Kiingereza hufuata tendo lenyewe, aliyeulizwa "Haven't you finished?" na bado anaandika anapaswa kujibu "No, I haven't". Mtoto anayejibu "Yes, teacher" kisha akaendelea kuandika si mkaidi wala si mwongo, amejibu kwa mantiki sahihi ya lugha yake. Katika madarasa ya mwanzo ni salama zaidi kuuliza bila ukanushi, "Have you finished?", na kuwazoesha watoto jibu la "Not yet", ambalo humkaa vizuri kinywani mtu aliyekua akisema "bado".

Baada ya kuuliza, kunyamaza nako ni sehemu ya kazi. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyerekodi vipindi vya sayansi katika shule za msingi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa wastani walisubiri kiasi cha sekunde 1 tu kabla ya kuliacha swali au kulijibu wenyewe, na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kujitolea. Wale walikuwa wakijibu kwa lugha waliyofundishiwa siku zote. Mtoto anayepaswa kwanza kulielewa swali la Kiingereza, kisha kulitafuta jibu, kisha kulitafutia maneno, anahitaji subira kubwa zaidi. Mwalimu anaweza kuilinda subira hiyo kwa kusema taratibu "Take your time".

Hatua ya tatu, ya kulitolea jibu neno, huamua kama mtoto atainua tena mkono. "Wrong! Sit down" ni Kiingereza sahihi, na ni sentensi ambayo ningependa isisikike kabisa mbele ya anayejifunza. "Nearly", "Not quite", "Try again" na "Good idea, but listen to the question" husahihisha bila kufunga mlango. Vilevile mtoto akisema "He go to market", mwalimu anaweza kujibu "Yes, he goes to the market. And what does he buy there?", akampa umbo sahihi ndani ya mazungumzo bila kumsimamisha.

Adabu huhitaji maelezo zaidi ya msamiati. "Naomba" yetu hufanya kazi ambayo Kiingereza huigawia "please", "may I" na "could you". "Hodi" darasani huwa "May I come in?", na jibu lake ni "Come in", kwani "Welcome" haitumiki sana kumruhusu tu mtu apite mlangoni. "Pole" haina mwenzake kamili. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki hubebwa na "sorry", ambayo Mwingereza aliyeangusha kalamu yake mwenyewe anaweza kuistaajabia, akidhani anaombwa radhi. Kumwita mwalimu "teacher" nako si kawaida ya Uingereza, wanakosema "Miss" au "Sir", lakini kwetu kumekita mizizi kwa heshima ya neno mwalimu, nami sioni sababu ya kukung'oa.

Nusu ya Kiingereza cha darasani ni mali ya mwanafunzi, na hiyo ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mtoto asiye na sentensi za kuombea msaada hukaa kimya, na kimya chake huhesabiwa ujinga. Anahitaji "I don't understand", "Could you repeat that, please?", "How do you spell it?", "What does this word mean?" na "How do you say 'mwavuli' in English?". Anahitaji pia "What is this called?", kwa sababu "inaitwaje" humvuta aseme "How is this called?". Sentensi hizi hazimkatazi Kiswahili. Neno kama "honest" linaloweza kufafanuliwa kwa "mkweli" mara moja halina haja ya kuzungushwa dakika tano, na kibao cha adhabu anachovikwa mtoto shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani kwao humfundisha kunyamaza katika lugha zote mbili.

Njia nyepesi ya kuanza ni kuandika sentensi nane au kumi za mwanafunzi kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, kila moja kwenye kipande chake, na kuzibandika kando ya ubao. Anayekwama hutazama, husoma, hupata anachokitaka. Sentensi ambayo darasa zima limekwisha kuisema bila kugeuza macho ukutani hubanduliwa, ikabandikwa nyingine mahali pake.