Akiba ya matengenezo katika fleti za zamani za Japani

Mtu anayenunua fleti ya zamani katika mji wa mkoani nchini Japani, tuseme Matsuyama au Niigata, hupata fleti yake mwenyewe pamoja na fungu katika jengo zima. Chini ya sheria ya mwaka 1962 inayosimamia umiliki wa aina hii, kuta za nje, paa, ngazi, lifti na mabomba makuu ni mali ya wote, na kila mwenye fleti ni mwanachama wa chama cha wamiliki, apende asipende. Kila mwezi hutozwa ada ya uendeshaji, inayolipia usafi, taa za koridoni na msimamizi, na pia hutozwa shūzen tsumitatekin, yaani akiba ya matengenezo, ambayo hulimbikizwa kwa ajili ya kazi kubwa zinazokuja baada ya miaka mingi.

Kwa kawaida, kila baada ya miaka 12 hadi 15 hivi jengo huzungushiwa majukwaa, vigae vilivyolegea hurekebishwa, kuta hupakwa rangi na paa huwekewa tabaka jipya la kuzuia maji. Lifti na mabomba nayo hufikia zamu yake ya kubadilishwa. Gharama hizi hazifuati bei ya soko. Fleti ya mkoani inaweza kuuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya fleti kama hiyo jijini Tokyo, lakini mafundi, rangi na lifti havishuki bei kwa kiasi hicho, na kwa hiyo kadiri fleti inavyokuwa rahisi ndivyo akiba inavyokuwa na uzito zaidi katika hesabu ya mnunuzi. Mfano uliokithiri ni Yuzawa, mji wa theluji mkoani Niigata, ambako fleti za mapumziko zilizojengwa wakati uchumi ulipovimba mwishoni mwa miaka ya 1980 zimewahi kutangazwa kwa yeni 100,000 tu, kwa kuwa anayeichukua fleti huchukua pia malipo yake ya kila mwezi.

Tatizo huanzia siku jengo lilipokuwa jipya. Ili fleti zinunuliwe haraka, kampuni za ujenzi mara nyingi hupanga mchango mdogo wa mwanzo ambao unatarajiwa kupandishwa hatua kwa hatua, na kila hatua huhitaji kura ya wamiliki. Wastaafu wanaoishi kwa pensheni, ambao ni wengi katika majengo ya zamani, hawana haraka ya kuipiga kura hiyo, na ni vigumu kuwalaumu. Mwongozo wa wizara inayohusika na ardhi na miundombinu, uliorekebishwa mwaka 2021, unataja wastani wa yeni 335 kwa mita ya mraba kila mwezi kwa jengo lisilofika ghorofa 20 na lenye eneo chini ya mita za mraba 5,000, yaani yeni 20,100 kwa fleti ya mita 60. Tangazo linalojivunia yeni 6,000 linastahili kutiliwa shaka, isipokuwa kama jengo lina mapato mengine, kwa mfano ya maegesho. Akiba isipotosha, chama hukopa benki, huchangisha wamiliki kwa mkupuo, au huahirisha kazi huku ukuta ukizidi kupasuka.

Kwa majengo ambayo vibali vyake vilitolewa kabla ya tarehe 1 Juni 1981, kanuni mpya za kuhimili matetemeko zilipoanza kutumika, kuna pia gharama ya kuimarisha nguzo na kuta, ambayo vyama vingi vya mikoani haviimudu.

Jambo moja huwashangaza wageni: malimbikizo ambayo muuzaji hakulipa humfuata mnunuzi kwa mujibu wa sheria, ilhali akiba aliyokwisha kuchangia muuzaji hairudishwi kwake, bali hubaki katika mfuko wa jengo. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, mnunuzi amwombe dalali taarifa ya jengo inayotolewa na kampuni ya usimamizi, humo asome jumla ya akiba iliyopo, mikopo, malimbikizo ya wamiliki na mwaka wa matengenezo makubwa ya mwisho, kisha aombe mpango wa muda mrefu wa matengenezo na kumbukumbu za mikutano ya karibuni, kwa kuwa mabishano kuhusu kupandisha mchango huonekana humo mapema kuliko kwingine kokote.