Maswali na majibu: nani anakula mfupa kwenye jino la kupandikiza?

Shikamoo daktari. Mama yangu anaishi Wete, jino alipandikizwa Dar es Salaam. Akipiga mswaki fizi ya hapo inatoka damu, ila haumwi na jino halitikisiki. Si tusubiri tu?

Marahaba, mwanangu. Msisubiri. Ugonjwa huu wa fizi na mfupa unaozunguka jino la kupandikiza mara nyingi hauumi. Na jino hubaki imara muda mrefu, kwa sababu mfupa huanza kuliwa kwenye shingo ya skrubu ya chuma cha titani inayolishikilia jino ndani ya mfupa, karibu na fizi, huku ncha yake ingali imeshikwa. Mkingoja litikisike mmeshachelewa. Skrubu iliyolegea kwa kawaida hutolewa.

Lakini titani haiozi. Sasa kinachokula mfupa ni nini?

Haiozi kweli, na mfupa huishika hasa. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimwekea mgonjwa wa kwanza skrubu hizo mwaka 1965. Ila ukoga hauchagui, hujenga juu ya titani vilevile.

Anayekula mfupa ni mwili wenyewe. Kinga ikiwahisi bakteria wa ukoga, chembe nyeupe za damu humiminika kwenye fizi. Fizi huwa nyekundu, huvimba, hutoka damu: huo ndio mchochota. Ukoga ukiondolewa hapo, fizi hupoa na mfupa haujaguswa. Usipoondolewa, chembe hizo hazipumziki. Huendelea kumwaga kemikali za kuitana, saitokini, na baadhi yake huziamsha seli ziitwazo osteoklasti, ambazo kazi yake ya kila siku ni kubomoa mfupa mkongwe ili seli nyingine, osteoblasti, zijenge mpya. Ubomoaji ukazidi ujenzi, mfupa hushuka. Nyumba ya makuti ikishika moto, majirani huyang'oa hata makuti mazima ili usisambae. Hapa moto hauzimiki kwa sababu ukoga bado upo, na paa linaendelea kung'olewa.

Mbona jino la asili linastahamili zaidi?

Nyuzi za fizi hujichomeka kwenye mzizi wake. Kwenye skrubu hupita kando tu bila kujichomeka, kwa hiyo mchochota huufikia mfupa kwa wepesi.

Sisi Wapemba hatukosi karafuu. Mafuta yake hayasaidii?

Yana eugenoli, inayotia ganzi kidogo. Lakini mama haumwi, sasa mnatuliza nini? Ukoga uliogandamana chini ya fizi hauondoki kwa mafuta. Antibiotiki za duka la dawa nazo, zikitumiwa peke yake, hazitoshi, maana bakteria wamejificha ndani ya utando wa huo ukoga. Lazima ukwanguliwe.

Nani wako hatarini zaidi?

Aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, kwanza kabisa. Kisha mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kwani sukari ikiwa juu mchochota huchelewa kutulia. Na mvutaji sigara, ambaye ananitia wasiwasi zaidi: sigara hupunguza utokaji damu wa fizi, basi ile dalili iliyomshtua mama, yeye huenda asiione.

Ramadhani asafishe saa ngapi?

Baada ya futari, na baada ya daku kabla ya kulala tena. Mswaki laini, pamoja na vile vibrashi vidogo vinavyopita pembeni ya jino. Asiogope damu akaacha kusafisha; wengi hufanya hivyo, na ukoga hunenepa.

Hospitali atafanyiwa nini?

Daktari atapitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, apime kina cha mfuko na aangalie kama damu au usaha unatoka. Kisha eksirei, ilinganishwe na ile iliyopigwa jino lilipowekwa. Picha ya zamani ikikosekana, miongozo ya kimataifa iliyotokana na mkutano wa 2017 inahesabu kuwa mfupa umeshaathirika kama kuna damu au usaha, mfuko umefika milimita 6 au zaidi, na mfupa umeshuka milimita 3 au zaidi.

Ikiwa ni fizi tu, kusafishwa kitaalamu na kujisafisha vizuri nyumbani hutosha mara nyingi. Mfupa ukishashuka, huenda fizi ikafunguliwa ili skrubu isafishwe mpaka chini, na ulioliwa haurudi wenyewe.

Kabla ya kupanda boti, pigieni simu kliniki iliyomtibu. Ombeni picha ile ya mwanzo, pamoja na jina na ukubwa wa skrubu, kwa sababu vifaa vya kampuni moja mara nyingi haviingii kwenye skrubu ya nyingine.