Pesheni "dume" na hadithi nyingine za kitaluni

"Mpesheni unaochanua bila kuzaa ni dume, ung'oe."

Nadhani dhana hii ilihamia kutoka kwenye mpapai, ambao kweli una dume na jike. Mpesheni hauna mambo hayo. Kila ua lina vichwa vitano vyenye chavua, ule unga wa uzazi wa ua, na, juu yake, vidole vitatu vya kuipokea.

Kasoro ni kwamba pesheni ya njano, ile inayostawi Pwani na kwenye joto, hukataa chavua yake yenyewe. Ya zambarau, ya nyanda za juu, hujichavusha bila shida. Sasa chukua jirani aliyekupa shina la pesheni yake ya njano. Ukalikata vipande sita, vyote vikashika, ukavipanga kwenye uzio. Machoni ni miche sita, lakini kimsingi ni mmea mmoja uliorudiwa mara sita, na hakuna utakaokubali chavua ya mwenzake. Maua yatapukutika msimu baada ya msimu. Weka panga chini, mbolea nayo haitasaidia: ongeza mche mmoja au miwili iliyooteshwa kwa mbegu, au omba vipande kwa jirani mwingine.

Halafu kuna suala la saa. Ua la zambarau hufunguka alfajiri. La njano husubiri hadi karibu saa sita mchana. Anayetaka kuchavusha ya njano kwa mkono asubuhi atakuta milango imefungwa. Fanya alasiri, kwa brashi ndogo au ncha ya kidole. Fundi hasa wa kazi hii ni yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao za paa. Nyuki wa asali ni mdogo. Huzoa chavua na kuondoka, mara nyingi bila kugusa vile vidole vitatu. Ukimpulizia dawa huyo mweusi ili uokoe kenchi, usiulaumu mpesheni.

"Mche wa mbegu utakuchelewesha miaka."

Kwa mwembe, sawa. Mpesheni wa mbegu huweza kuzaa ndani ya takriban mwaka mmoja. Kinachowaangusha watu ni mbegu kuukuu. Chukua tunda lililoiva hadi likakunjamana, acha mbegu kwenye juisi yake siku mbili tatu mpaka ute uachie, osha, anika kivulini, kisha panda kina cha sentimita moja. Mbegu bichi kwa kawaida huota ndani ya wiki mbili hadi nne.

"Mche uliobebeshwa haushikwi na ugonjwa."

Kubebesha ni kuunga kikonyo, yaani kipande cha tawi la mmea mmoja, juu ya shina lenye mizizi la mwingine. Kubebesha kikonyo cha zambarau juu ya shina la njano husaidia dhidi ya mnyauko fuzari, fangasi wa udongoni, kwa kuwa mizizi ya njano humstahimili zaidi. Msaada wenyewe unaishia hapo karibu. Virusi vinavyodumaza tunda na kukaza ganda lake husambazwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na pia huingia na kikonyo chenyewe. Ukikata kikonyo kwenye mmea wenye majani ya mabaka na yaliyojikunja, umebebesha ugonjwa. Safisha kisu kwa spiriti kila unapohama mmea.

Kosa jingine ni kufukia kiungo, pale kikonyo kilipoungwa na shina, wakati wa kupanda, au kukirundikia matandazo. Fangasi humfikia zambarau moja kwa moja, na faida yote imepotea. Kiungo kikae juu kabisa ya udongo. Machipukizi ya chini ya kiungo yang'oe mapema, yasije yakashinda kikonyo. Ndiyo asili ya malalamiko kwamba "pesheni yangu imegeuka rangi".

"Ncha laini ndiyo hushika haraka."

Ukipanda kipande cha shina bila kubebesha, ncha huoza. Tafuta shina lililokomaa, unene wa penseli, lenye vifundo vitatu au vinne. Kimoja au viwili viwe ndani ya udongo, kitalu kiwe kivulini. Mizizi huchukua mwezi hadi miwili. Ila zambarau iliyosimama kwa mizizi yake haina kinga ile ya shina la njano.

"Ukishapanda, umemaliza."

Mpesheni huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mapema zaidi magonjwa yakiingia. Otesha miche mipya wakati wa zamani bado unazaa, na kitalu ukiweke mbali na kunde na maboga, ambako vidukari hupenda kujaa.