Majibu ya Fakta V Leiden hayakuondolei sindano

Tangu tuanze maandalizi ya Siku ya Thrombosi (mabonge ya damu ndani ya mishipa) Duniani, Oktoba 13, dirishani kwetu maabara wanafika watu wenye ombi moja: "Nipimeni Fakta V Leiden," yaani badiliko la jeni linaloongeza hatari ya damu kuganda. Wengine wana majibu waliyopimiwa Ulaya yanayosema hawana, na wanataka wasichomwe sindano za kuzuia damu kuganda baada ya upasuaji. Haiwezekani.

Badiliko hilo la jeni liligunduliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1994. Fakta V, protini ya kugandisha damu, ikiwa na badiliko haizimwi kwa urahisi na protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia kuganda kupita kiasi, hivyo damu huendelea kuganda pasipohitajika. Wenye asili ya Ulaya wanalo takriban 5 katika kila 100. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni nadra mno kulikuta. Badiliko la protrombini (protini nyingine ya kugandisha damu), lililotambuliwa 1996, nalo ni la wenye asili ya Ulaya hasa. Wajapani wana lao, protini S Tokushima, badiliko la protini S inayosaidia protini C.

Kwa hiyo Mwafrika kutokuwa nalo ni jambo la kutarajiwa, wala si kinga. Wamarekani weusi wachache tu wanalo, lakini mabonge ya damu huwapata kwa kiwango sawa na weupe au zaidi. Wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana fakta VIII (protini nyingine ya kugandisha damu) nyingi zaidi, na hata anayebeba jeni moja tu ya selimundu yumo katika hatari kubwa zaidi ya bonge kwenye mapafu. Ongeza ujauzito, saratani, VVU, kulazwa muda mrefu. Na tafadhali, "damu nzito" si jina la ugonjwa, wala hatuna kipimo cha kabila.

Protini C na S tunapima kwa fomu ya daktari. Damu huingia kwenye chupa ya kifuniko cha bluu mpaka kwenye mstari: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati, kemikali inayozuia damu kuganda chupani. Ikipungua, sampuli inakataliwa na utatolewa damu upya. Fomu itaje dawa zote, kwa sababu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hushusha protini zote mbili. Itaje na ujauzito, ambao hushusha protini S. Usiache warfarini kwa ajili ya kipimo bila daktari wako kuamua.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, nenda idara ya dharura. Kule hawadai fomu.