Je, wajua kwa nini kulingurumisha gari lililoegeshwa kila Jumapili kunaliua polepole?

Kule Chavakali, magharibi mwa Kenya, majirani wa mjomba wangu walikuwa wakijua ibada imekwisha wakisikia Peugeot 504 yake ikinguruma. Kila Jumapili, kabla hata ya kuvua koti la kanisani, mjomba alikuwa anafungua boneti, anakagua maji, anavuta choki na kupiga stata. Gari lilinguruma dakika 10 hivi, kisha analizima, analifunika turubai na kuingia ndani kula. Alifanya hivyo miaka minne bila kukosa. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo gari halikutoka nje ya boma hata siku moja, na habari ya kuliuza hakutaka kuisikia.

Ni gari ambalo namba yake haina herufi ya mwisho, yaani lilisajiliwa kabla ya mfululizo wa KAA kuanza mwaka 1989. Wanaokumbuka barabara ya Nairobi, Nakuru hadi Kisumu ya zamani wanajua 504 ilikuwa nini huku kwetu. Ndiyo iliyobeba abiria, wagonjwa, maharusi na majeneza. Ndiyo aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Mtu akitaka kuitunza simwoni mpumbavu hata kidogo.

Basi mwaka wa nne nikamleta fundi kutoka Kisumu alikague. Kitu cha kwanza fundi alichofanya ni kufungua kifuniko cha oili na kutuonyesha upande wake wa ndani. Ulikuwa na utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, mfano wa uji uliopoa.

“Mzee,” alimwambia mjomba kwa upole, “hili gari limekunywa maji.”

Mjomba alimtazama fundi, kisha akanitazama mimi. Maji gani, na yamepitia wapi? Gari liko chini ya mabati, tena chini ya turubai, na halijanyeshewa tangu liegeshwe.

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake hushangaza wengi: maji yalitoka ndani ya petroli.

Petroli imeundwa kwa kaboni na hidrojeni. Ikiungua, kaboni hushikana na oksijeni ya hewani ikawa gesi ya ukaa, na hidrojeni hushikana na oksijeni hiyo hiyo ikawa maji. Wala si maji kidogo. Kila lita moja ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Hatuyaoni kwa sababu injini ikishachemka hutoka yakiwa mvuke. Lakini simama kando ya barabara pale Nakuru alfajiri, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, utazame magari yakiwashwa kwenye baridi. Utaona moshi mweupe, na matone yakidondoka kwenye ncha ya ekzosi. Matone hayo ndiyo maji yenyewe.

Injini ya lita mbili ya kabureta, ikinguruma tu bila kwenda popote, hula kama lita moja ya petroli kwa saa. Kwa hiyo dakika 10 za mjomba zilikuwa zikizaa zaidi ya nusu glasi ya maji kila Jumapili. Mengi hutoka nje. Yanayobaki ndiyo yenye kesi.

Sehemu yake hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Injini inayofanya safari ya kweli huyafukuza: oili hupata moto wa kutosha, maji yanageuka mvuke na kutolewa nje. Ila oili huchelewa kupata moto. Sindano ya joto pale kwenye dashibodi hupima maji ya redieta, si oili, na inaweza kufika katikati wakati oili chini bado ni vuguvugu. Ili oili ifike nyuzi 80 au 90 na kukaa hapo, gari linahitaji kutembea nusu saa hivi, likivuta mzigo wake lenyewe. Dakika 10 za kunguruma zinatosha kutengeneza maji. Kuyakausha haziwezi. Jumapili inayofuata yanaongezwa mengine juu yake.

Choki nayo inazidisha madhara. Ukiivuta unaongeza petroli kwenye mchanganyiko, na petroli isiyoungua yote huosha ule utando wa oili uliokuwa ukizilinda kuta za silinda, halafu huteremka chini kuipunguza oili uzito. Gesi za moshi, zikiwemo oksidi za nitrojeni, zikikutana na maji hayo hufanya asidi. Ukichanganya maji, petroli na asidi kidogo ndani ya oili iliyolala wiki nzima, kinachopatikana ni kinyume cha dawa. Na mwenye gari anaamini amelipatia dawa.

Ekzosi ndiyo huoza kwanza. Upande wa injini unapata moto haraka, lakini sailensa ya nyuma inabaki baridi, na mvuke ukifika pale hugeuka maji na kutulia. Ndiyo maana utaikuta sailensa imetoboka kuanzia ndani huku nje rangi bado ipo. Sailensa ya mjomba fundi aliigonga kwa spana mara moja tu, kutu ikamwagika kama ulezi.

Kuna anayeuliza kama si heri kidogo kuliko kukosa kabisa. Faida moja ipo, nami sitaki kuificha: kuwasha hupeleka oili juu na kusogeza pistoni zisigande. Lakini faida hiyo inapatikana kwa njia nyingine isiyo na gharama ile. Tena gari likinguruma limesimama, vitu vingi vinavyogandishwa na kukaa bado havijaguswa. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, haijazunguka, beringi za magurudumu ziko palepale, breki hazijashika na kuachia. Betri nayo imetoa nguvu ya kupiga stata, na alternata ya gari la zamani ikizungushwa polepole hairudishi nyingi.

Kwa hiyo mwenye gari ana njia mbili. Ya kwanza ni kuliendesha kweli. Kutoka Chavakali hadi Kakamega na kurudi, mara moja au mbili kwa mwezi, inatosha: oili inachemka, breki zinafanya kazi, ekzosi inakauka. Kama hakuna wa kuliendesha, na hapa ndipo alipokuwa mjomba, basi lilazwe. Lilazwe kwa mpango, na lisiwashwe mpaka siku ya kuliamsha.

Kulilaza kunaanza na oili mpya. Watu wengi hungoja kubadilisha siku gari linaporudi barabarani, wakidhani kuweka oili mpya kwenye gari linalolala ni hasara. Mimi naona hasara ni kuziacha beringi za injini zikioga asidi ya oili chafu miaka mitatu. Badilisha kwanza, endesha nusu saa ili oili safi ifike kila mahali, ndipo uegeshe. Kisha toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, zungusha injini kwa mkono mara chache na urudishe plagi. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi, weka gia huru na uizungushe injini kwa spana kwenye nati ya puli ya chini. Pistoni zinasogea, oili inatandazwa, na hakuna tone la maji linalozaliwa.

Petroli nayo huzeeka. Sehemu zake nyepesi huruka, na zinazobaki hushikana na oksijeni zikawa gundi ya kahawia inayoziba vijitundu vya kabureta. Miezi michache inatosha kuonyesha dalili, na kwenye joto la Kisumu ni haraka zaidi kuliko Nakuru. Kama gari litalala chini ya mwaka, jaza tenki hadi juu, maana tenki lililo nusu huvuta hewa yenye unyevu mchana na kutoa jasho usiku. Kama ni miaka, toa petroli yote, na kabureta uikaushe pia.

Jambo ambalo hapa kwetu halisemwi vya kutosha ni maji ya redieta. Injini ya petroli ya 504 ina silinda hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma cha kalibu, na silinda zenyewe ni mabomba ya chuma yaliyopachikwa ndani, maji yakiyazunguka ubavuni. Metali mbili tofauti zikikaa kwenye maji ya kawaida hufanya kazi kama betri dogo, na inayoliwa ni alumini. Gari likiwa linatembea, mwenyewe hugundua mapema kwamba maji yamekuwa mekundu. Lililolala hula hedi yake kimya. Weka kulanti, yaani dawa ya redieta inayozuia kutu, iliyochanganywa na maji safi, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijasogea. Hedi ya alumini iliyoliwa haina kiraka cha bei nafuu.

Sasa nirudi kwenye mabati na turubai ya mjomba, maana pale nilijifunza jambo. Ukanda wa Vihiga na Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Kisumu ina pumzi ya ziwa. Chuma hakihitaji kunyeshewa ili kipate kutu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, kutu hushika mwendo. Usiku bati hupoteza joto lake kwa anga hadi likawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, na umande hushika upande wa ndani. Kufikia alfajiri linadondosha. Turubai la nailoni linazuia matone hayo, kweli, lakini linaufungia ndani unyevu unaopanda kutoka ardhini, na gari linalala kwenye jasho. Tulipolifunua lile 504 saa nne asubuhi, milango ilikuwa imelowa.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Tulimwaga kokoto juu ya karatasi ya nailoni, tukaweka mbao, gari likakaa juu yake. Chini ya bati tulipigilia dari ya magunia ili matone yasifike. Turubai tulilitupa, tukashona shuka kubwa la pamba linalozuia vumbi na kinyesi cha kuku huku likiruhusu hewa. Pande mbili za banda tuliziacha wazi upepo upite.

Mengine ni ya haraka. Breki ya mkono iachiliwe na magurudumu yazuiwe kwa kabari, la sivyo breki zitashikamana na drami. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, kwa hiyo weka mapya kabla ya kulaza. Kanyagio la klachi libanwe chini kwa kipande cha ubao ili sahani ya klachi isigande kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Gari lipandishwe kwenye stendi imara, matairi yasibebe uzito mahali pamoja. Betri itolewe: ikijaa inasoma volti 12.6, na ikishuka chini ya 12.4 kwa muda mrefu, fuwele za salfeti hukomaa kwenye sahani na chaji haziziyeyushi tena. Paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti inatosha kuitunza. Wanaosema betri hufa ikiwekwa kwenye sakafu ya saruji walikuwa na sababu zama za betri za maboksi ya mbao na mpira. Za plastiki za leo haziumii.

Panya, tafadhali, msiwadharau. Gari likiegeshwa karibu na ghala la mahindi, nyaya zake zitagugunwa kabla ya mavuno yajayo. Ziba mdomo wa ekzosi na wa chujio la hewa kwa wavu wa chuma, kisha funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili atakayeliamsha akumbuke kuuondoa. Nyigu pia hupenda mabomba hayo.

Na kabla ya kulirudisha barabarani kumbuka bima. Sheria ya Kenya, sura ya 405, inataka kila gari linalotumika barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, hata kama ni la kwenda kwa fundi tu.

Injini ya mjomba haikufa. Fundi aliifungua, akaosha uji wote, akabadilisha beringi mbili na ekzosi nzima, akasema mwaka mmoja zaidi uharibifu ungefika kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Sasa 504 imelala juu ya stendi nne. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mjomba anavua koti la kanisani, anashika spana, anapapasa hadi aipate nati ya puli, na kuizungusha mara nne akihesabu kwa sauti. Majirani hawasikii kitu. Mmoja alikuja juzi kuuliza kama gari limeuzwa.